Wimbo wa Ukutani katika Nchi ya Ndanimo

Jinsi nilivyofika Ndanimo haina maana. Wasafiri wanaopoteza kurasa nzima wakieleza maumivu ya mgongo njiani huwa hawana la kusimulia wakishafika. Mimi nilifika. Nilikuwa na begi moja na viatu vizuri, kazi yangu ya ukalimani wa mahakama nilikuwa nimeistaafu nikiwa bado na sauti, na shida yangu ya kwanza ilikuwa kupata nyumba ya wageni.

Nilimwuliza njia bwana mmoja aliyesimama ndani ya duka lake la vitambaa. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyetukaniwa mama yake, akazamisha mikono mifukoni hadi viwiko, akasema, "Karibu ndani, mama."

"Sitaki ndani. Nataka nyumba ya wageni."

"Humu ndani kuna vitambaa."

"Naviona. Nyumba ya wageni iko wapi?"

Jasho lilimtoka. "Mama yangu, mimi niko ndani. Ya nje nitayajuaje?"

Nyumba yenyewe, niligundua baada ya kuzunguka mji mzima na kuchubuka kisigino, ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lake. Ubao wake alikuwa akiutazama kila siku ya maisha yake.

Niliielewa sababu upesi, maana watu wa Ndanimo wanaipenda sheria yao kuu na wameichonga juu ya kila mlango. Mtu aliye ndani ya ukuta wowote haruhusiwi kuelekeza kitu kilicho nje ya ukuta huo, iwe kwa kidole, kwa kidevu, kwa kubinua mdomo au kwa maneno. Kwa hiyo mtu anayeumwa jino akiingia kwa daktari wa macho, hutibiwa macho. Mafundi cherehani hushona mifuko inayofika magotini, na kadiri mfuko wa mtu ulivyo mrefu ndivyo anavyohesabiwa kuwa muadilifu. Nimetafsiri sheria nyingi za ajabu katika kazi yangu, nyingine nikijiuma ulimi nisicheke mbele ya hakimu, lakini hii ilinikalisha kitako.

Asili yake ni nyimbo. Chini ya ardhi ya nchi ile hupita mikondo ya sauti, kama mabomba ya maji yanavyopita chini ya miji yetu. Sauti hutoka katika chemchemi za mbali, ambako waimbaji, wasimulizi na watangazaji wa mpira hukaa na kuzitoa, na hutiririka papo hapo zinapotoka vinywani. Hazihifadhiki. Ukiikosa, imepita. Mikondo hiyo hupita chini ya nyumba zote, za tajiri na za fukara, na mtu mwenye kinanda kizuri, yaani chombo cha kuunasa mkondo na kuutoa kwa sauti, angeweza kuisikiliza akiwa amelala kitandani kwake. Lakini hairuhusiwi. Nyimbo husikilizwa kumbini tu, na kila ukumbi una kinanda chake kilichojengewa ukutani, ambacho hakitolewi, hakigeuzwi wala hakirekebishwi.

Niliingia katika ukumbi mkubwa wa mji ili nijionee. Kwanza alipanda jukwaani mnadi wa sabuni, akaanza kuisifu sabuni yake. Baada ya muda kengele ililia, na utaratibu wa pale ni kwamba kengele ikilia, yeyote anayeweza kuruka benchi lililo mbele yake husamehewa sifa zilizobaki. Vijana waliruka wakaenda kukaa upande wa pili. Wazee na wajawazito walibaki na sabuni yao mpaka mwisho. Mimi niliruka, na kwa umri wangu sikuruka vibaya.

Kisha kinanda kikaanza. Ilikuwa sauti ya mwanamume akisimulia safari ya uwindaji, na ilikuwa tamu, ingawa ilikwaruza. Alipofika mahali simba anatoka kichakani, sauti ilikata. Ukutani likaanza kuzunguka gurudumu la mbao lililopakwa rangi, na ukumbi mzima ukalitazama kwa utulivu mkubwa.

"Kinanda kinakusanya pumzi," alininong'oneza mama aliyeketi karibu yangu.

Kikakusanya. Kikasema maneno mawili matatu, kikakata tena, gurudumu likazunguka tena. Yule simba sijui mpaka leo alifanya nini. Lakini jirani yangu hakuonekana kusumbuka hata kidogo. Aliniambia kwa fahari kwamba ukumbi wao ndio wenye gurudumu linalozunguka kwa ulaini kuliko yote mjini, na kwamba kuna watu wanaotoka mitaa ya mbali kuja kulitazama. Nilipomwuliza kuhusu hadithi, alinitazama kana kwamba nimeuliza bei ya jeneza katikati ya harusi.

Niongeze jambo moja la kumbi hizi kabla sijasahau. Heshima ya ukumbi hupimwa kwa jinsi kizingiti chake kilivyolika kwa nyayo za wanaoingia. Kizingiti kikipinda katikati, mkuu wa ukumbi hualikwa kwenye karamu na wanadi wa sabuni humgombania. Basi wapo wakuu wanaoamka alfajiri na kuvipiga msasa vizingiti vyao wenyewe. Kila mtu anajua, na kila mtu huvisifu.

Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia alikuwa Bi Kidawa, mjane wa makamo mwenye ulimi mwepesi, na tulipatana tangu salamu ya kwanza. Wiki chache kabla sijafika alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akipaka chokaa, akavunjika nyonga. Daktari alikuwa amekataza asisogezwe. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, kando ya dirisha la barabarani, na kutoka hapo aliendesha nyumba nzima kwa kupaza sauti.

Kando ya kitanda lilikuwepo sanduku refu la mti mwekundu, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Nilidhani ni kabati la vyombo. Siku moja tukinywa chai nikaona chini ya kitambaa mdomo wa shaba, mpana kama sinia.

"Hicho ni kinanda," alisema Bi Kidawa. "Alikiunda marehemu mume wangu, Vuai. Mji huu haukuwa na kinanda cha kukifikia. Sasa kinabeba maua."

"Kimeharibika?"

"Kiharibike kina nini? Hakuna wa kukiambia kisikilize wapi." Aliinua kitambaa akanionyesha vishikio vitatu vya shaba vilivyozungukwa na picha ndogo za wanyama. "Cha kwanza chemchemi, cha pili mkondo, cha tatu lango. Ukijua alama zote tatu, unavizungusha, na sauti inakuja. Zamani kumbi zilikuwa zinaandika alama za siku pale mlangoni. Anayetaka kuketi ndani anaketi, asiyetaka anachukua alama zake anakwenda kusikiliza kwake. Vuai alikuwa ananifungulia nikikuna nazi. Halafu wakaja na sheria yao, na alama hubadilika kila siku, basi tena."

Alikirudisha kitambaa, akakinyoosha mara mbili tatu bila haja. Nikamwuliza kulikoni.

Alikuwa na binti mmoja tu, Saumu. Tangu utotoni Saumu alikuwa na ugonjwa wa kifua, pumzi zikimbana usiku na mchana, na alikuwa na sauti ambayo mama yake aliiita balaa, kwa maana ya sifa. Mwaka wa nyuma alikuwa ameondoka kwenda chemchemi ya mbali iitwayo Tandawili, kujifunza kuimba na kutibiwa kwa hewa kavu ya huko. Mama hakuwa amemwona tangu siku hiyo.

"Kila mjumbe anayekuja ananiambia hajambo," alisema Bi Kidawa. "Wajumbe wote husema hajambo. Mtu akiwa kaburini mjumbe atakwambia amepumzika. Mimi siwaamini. Ijumaa hii Saumu anaimba mbele za watu mara ya kwanza, na ataimba wimbo niliomfundisha mimi. Katikati yake kuna mstari mmoja mrefu. Hajawahi kuumaliza kwa pumzi moja. Akifika nusu kifua kinambana, anakohoa, mimi naumalizia. Nataka niusikie mstari huo tu. Nikiusikia nitajua kama mwanangu amepona au wananidanganya."

"Hawawezi kukubeba kwa machela mpaka ukumbini?"

"Hata wangenibeba, dada yangu. Kile cha ukutani kinakohoa kuliko mwanangu. Kikikata katikati ya mstari, nitajuaje aliyekata ni Saumu au ni ukuta?"

Nilishikwa na hasira ambayo sikuwa nimeisikia tangu niache mahakama. Mwanamke huyu alikuwa amelala juu ya mkondo wenyewe, kando ya kinanda bora kuliko vyote mjini, na kilichomtenga na pumzi za mwanawe kilikuwa maneno matatu. Nikamwambia aniachie mimi jambo hilo. Mimi ni mtu wa kusema hivyo, na mara nyingi huwa sijuti.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mkuu wa Ukumbi, Bwana Shamte. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye mifuko inayofika vifundoni, na alinipokea kwa kahawa na kashata. Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, na ilipofika habari ya mstari mrefu macho yalimlengalenga. Sitaki mtu yeyote amdhanie vibaya. Hakuwa mbaya.

"Namhurumia sana Bi Kidawa," alisema. "Lakini Bi Mkalimani, hebu fikiria. Wimbo uko hapa." Akaupiga ukuta kofi la upendo, karibu na kinanda. "Ukitoka kwenda kwake, ukuta utabaki na nini?"

"Hauko hapo, Bwana Shamte. Unapita tu."

"Unapita kutoka wapi?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe."

"Unatoka ukutani."

"Na kabla ya ukutani?"

Alifikiri kwa dhati, paji la uso likakunjamana. "Kabla ya ukutani hakuna kitu. Huko ni nje."

"Kwa hiyo alama za leo huzijui?"

"Alama ni mambo ya kale," alisema. "Mimi nimekuwa mkuu wa ukumbi huu tangu nywele zikiwa nyeusi, na sijawahi kuona alama. Kinanda chetu kinaimba chenyewe. Ni cha aina yake." Kisha, kwa wema wa kweli kabisa, akaniahidi kwamba atamwagiza mchoraji achore picha ya gurudumu, aipeleke kwa mgonjwa ikae juu ya kitanda chake, imfariji wakati wenzake wanasikiliza.

Nikamwuliza ni nani mwenye mamlaka ya juu kuliko yeye. Akanijibu kwamba ni Baraza, na kwamba Baraza halikosi kikao.

Kweli halikukosa. Jambo la Bi Kidawa lilifikishwa mbele yao siku iliyofuata, na mimi nikaruhusiwa kukaa nyuma, mradi niweke mikono mahali pa kuonekana. Nimekaa katika mabaraza ya nchi nyingi nikitafsiri. Nawaambia kwa uhakika kwamba wasemaji wa Ndanimo hawana wa kuwafikia kwa ufasaha, na nilitamani wangekuwa na jambo la maana la kusema.

Aliyefungua alikuwa Mheshimiwa Bahero, kiongozi wa Chama cha Wandani, mtu wa sauti nzito na kanzu iliyopigwa pasi vikali.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "leo wanaomba alama. Alama ni nini? Anayetoa alama ametoa wimbo! Leo atasikiliza mgonjwa. Kesho atasikiliza mvivu. Keshokutwa kila mtu atakuwa kwake, na kinanda chake, amejinyoosha mkekani. Nani ataingia kumbini? Nani atavilinda vizingiti vyetu visiote ukungu? Na nawauliza, nani atalitazama gurudumu?"

Baraza lilipiga meza kwa shangwe. Mzee mmoja wa upande wake aliinuka kuongeza kwamba mtu akisikiliza peke yake hatajua mahali pa kupiga makofi, na makofi yaliyopigwa mahali pasipofaa yamewahi kuvunja ndoa.

Aliyempinga alikuwa Mheshimiwa Bi Nunu, mwanamke mwembamba wa Chama cha Wapitaji, chama kidogo ambacho wabunge wake waliketi karibu na mlango.

"Mheshimiwa Bahero akinitajia jiko ambamo mwenzake anapika pilau," alisema, "je, nimeshiba? Mbona nimekaa hapa tangu asubuhi nasikia habari za pilau na tumbo linaunguruma? Alama si wimbo. Alama ni njia. Huyu mama hatachukua kitu cha ukumbi. Mkondo unapita chini ya godoro lake sasa hivi, tukibishana."

"Utaratibu!" alifoka Bahero. "Mheshimiwa ametaja godoro, na godoro liko nje ya Baraza hili!"

Spika akaangalia kanuni, akakubali kwamba godoro liko nje, na Bi Nunu akatozwa dakika za ukimya. Wakati yeye amekaa kimya, Baraza liliunda kamati ya kufafanua neno "nje". Kamati ilitoka, ikanywa chai, ikarudi na taarifa kwamba nje ni pale pasipo ndani, na kwamba ndani patafafanuliwa kikao kijacho.

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya begi langu wakati Bahero aliposimama tena. Uso wake uling'aa, na nikajua amepata wazo. Alisema kwamba Wandani si watu wasio na utu, nao wameguswa na hali ya mgonjwa. Haiwezekani kuelekeza wimbo nje ya ukuta. Lakini hakuna sheria inayokataza kuusogeza ukuta. Kwa hiyo alipendekeza ukumbi urefushwe: ujengwe ukuta kutoka ukumbini, upite katikati ya mji, mpaka uizunguke nyumba ya Bi Kidawa, ili Bi Kidawa awe ndani. Akishakuwa ndani, atasikia kila kitu kihalali, kama mtu mwingine yeyote aliyeketi nyuma kidogo.

Waliafiki kwa kauli moja. Hata Bi Nunu alipiga kura ya ndiyo, kwa uchovu.

Sifa zao niwape: walianza kazi siku ile ile. Matofali yalikuja, mafundi wakaja, watu wakajitolea wakiimba. Lakini nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa upande wa pili wa mji, na mchana wa Ijumaa ukuta ulikuwa umefika kwenye tanuri la mkate tu. Mwoka mikate alijikuta ukumbini. Kwa kuwa duka la unga lilikuwa nje, hakuweza tena kuwaambia wasaidizi wake waende kuununua wapi, na mji ukakosa mkate. Barabara kuu ilikatwa vipande viwili. Harusi moja iliyokuwa ikipita ilibaki na bwana upande huu na bibi upande ule. Watu walisema ni shida ya muda.

"Wamefika wapi?" aliniuliza Bi Kidawa. Alikuwa amevaa leso mpya na kuchana nywele kama mtu anayesubiri wageni.

"Kwenye mkate."

Aligeuza uso ukutani. Saumu angeimba alasiri ile, na alasiri haikuwa mbali. Sikuweza kumtazama. Nilipiga moyo konde nikatoka, bila mpango wowote ila ile tabia yangu ya kazini: shahidi akikwama, unarudi kuusoma ushahidi upya. Nikarudi ukumbini. Mlango ulikuwa umejaa watu, na mnadi wa sabuni alikuwa ameanza. Mimi sikuingia. Nikazunguka nyuma.

Hakuna mtu wa Ndanimo anayekwenda nyuma ya ukumbi. Hawakatazwi. Ila hakuna aliyewahi kuwa na haja. Majani yalinifika kiunoni. Na huko, mahali ukuta wa kinanda unapoishia kwa upande wa nje, nikaona mgongo wa kinanda umejitokeza wazi kabisa, una kutu, na bomba jembamba kama mrija wa soda limechomoza ardhini na kuingia ndani yake. Juu ya bomba kulikuwa na vishikio vitatu, ndugu wa vile vya Vuai. Mwanamke mmoja mwenye ovaroli alikuwa amekaa kwenye jiwe kando yake akitafuna hindi la kuchoma.

"Salama, dada," nilimsalimu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mjumbe wa chemchemi. Naweka alama kila asubuhi. Nikipata nafasi napangusa kutu, ingawa bomba lenyewe walilifanya jembamba mno, ndiyo maana linakwama."

"Na watu wa hapa hawakuulizi unafanya nini?"

"Wanadhani nazibua mtaro."

"Naweza kuona alama za leo?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si hizo hapo? Zimekaa wazi tangu alfajiri."

Mbuni. Nyuki. Kobe. Nilizisoma kwa sauti nisije nikazisahau, na nyuma yangu nikasikia mtu akihema. Alikuwa Bwana Shamte. Kuna aliyemwambia kwamba mgeni ameingia majanini, naye alikuwa amekuja mbio kunikamata. Lakini alikuwa ameshanisahau. Alikuwa analitazama bomba.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Ni mgongo wa kinanda chako."

"Na hilo linaenda wapi?"

"Nje, Bwana Shamte. Linatoka nje. Siku zote limekuwa likitoka nje."

Alitoa mkono mmoja mfukoni, polepole, akaligusa bomba. Lilikuwa likitetemeka kidogo, maana huko Tandawili walikuwa wameanza kupiga ngoma za utangulizi. Aliuacha mkono hapo muda mrefu. Nilimwona akijaribu kukasirika, na hasira haikuja.

"Umevunja sheria," alisema hatimaye, bila nguvu.

"Sheria inasema mtu aliye ndani ya ukuta. Nimeisoma juu ya milango yenu yote. Hebu niambie, wewe na mimi sasa tuko ndani ya ukuta upi?"

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutambua kwamba kuna mahali panaitwa nje na kwamba mtu anaweza kusimama hapo bila kudhurika. "Haraka basi," alisema ghafla. "Mnadi amekaribia kumaliza!"

Tulikimbia, mimi mbele na yeye nyuma, mifuko yake ikimpiga vifundoni. Tulipanda ule ukuta mpya palipokuwa bado pafupi, na nikamvuta kwa ukosi. Nilipofika nyumbani sikuingia mlangoni, kwa kuwa ndani ningekuwa ndani. Nilisimama barabarani chini ya dirisha la Bi Kidawa, nikajaza kifua, na kwa ile sauti iliyowahi kusikika hadi nyuma ya mahakama bila kipaza sauti, nikapiga ukelele:

"Mbuni! Nyuki! Kobe!"

Chombo cha maua kilianguka kikavunjika. Nikasikia vishikio vikizunguka, kimoja, cha pili, cha tatu, kwa mlio wa shaba iliyokaa miaka bila kuguswa.

Najua wapo watakaotaka kujua Baraza lilisema nini. Basi niwaridhishe kabisa sasa hivi. Baraza lilikaa juma lililofuata na kuamua kwamba nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa ndani ya ukumbi tangu zamani, ila ukuta wa sehemu hiyo hauonekani kwa macho, na Mheshimiwa Bahero akapewa nishani kwa kuujenga. Ukuta wa kwenye mkate bado upo, na wanafikiria gurudumu la kuutia. Na alama sasa zimeandikwa tena mlangoni mwa ukumbi mmoja, wa Bwana Shamte, kwa chaki, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kizingiti chake hakikuota ukungu. Watu huja kuchukua alama, na wengi wao wakishafika hupenda kukaa.

Lakini hayo yalikuwa bado. Alasiri ile mimi na Bwana Shamte tulisimama dirishani tumeegemea kizingiti, na sauti ikaanza kutoka katika mdomo ule wa shaba.

Sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimesikiliza kumbini siku zote hizo na nilidhani nazijua sauti za mikondo. Nilichokuwa nimesikia ni kama picha ya chakula. Hapa nilisikia watu wa Tandawili wakikohoa na kujisogeza vitini, nikasikia kanga ikipangusa sakafu mtu akisogea mbele, nikasikia midomo ikifunguka. Bwana Shamte alinishika mkono wa nguo bila kujua. Barabarani watu walianza kusimama. Wengine walikuwa wametoka ukumbini, ambako, walituambia kwa kunong'ona, gurudumu lilikuwa linazunguka tangu mwanzo.

Saumu akaimba. Sauti ilikuwa nene kuliko nilivyotarajia, na haikujipendekeza. Ubeti wa kwanza ukapita. Bi Kidawa alikuwa amelala chali, macho kwenye dari, mikono yote miwili imeshika shuka.

"Ameuanzia juu," alisema kwa ukali. "Nilimwambia aanzie chini."

Kisha tukasikia Saumu akivuta pumzi. Tulisikia hewa ikiingia yote, ndefu, safi, bila mkwaruzo, na mama yake naye akavuta pumzi ile ile pamoja naye. Mstari ukaanza. Ulipanda, ukazunguka, ukashuka kidogo kana kwamba unaisha, ukapanda tena. Bi Kidawa hakupumua. Mimi sikupumua. Ulifika mahali ambapo nilijua, bila kuambiwa, kwamba ndipo kifua kilipokuwa kikimshinda, kwa sababu midomo ya Bi Kidawa ilifunguka kuumalizia kama alivyozoea. Haikutoa sauti. Haikuhitajika. Wimbo uliipita nusu ile, ukaendelea, ukaendelea, mpaka nikaogopa, na ukatua mwisho wake taratibu kabisa, na hewa bado imebaki.

Bi Kidawa aliachia pumzi yake. Machozi yalimtiririka pande zote mbili mpaka masikioni, na hakuyafuta.

"Amepona," alisema. "Mwanangu amepona."

Bwana Shamte alipiga makofi, na barabara nzima ikampokea. Bi Kidawa alijiinua kwa kiwiko, nyonga yake iliyovunjika na yote, akatugeuzia uso uliolowa.

"Nyamazeni nyote!" alitukaripia. "Bado beti mbili."